Gari lililobeba mzigo linapogoma kona: dalili, chanzo na marekebisho

Gari lile lile, kona ile ile, mwendo ule ule. Likiwa tupu linapita bila tatizo. Likiwa na watu saba na magunia kwenye keria linaanza kuvuta kuelekea nje, usukani unakuwa mwepesi, au nyuma inacheza. Kwenye mteremko wa Kitonga, Sekenke, Mai Mahiu, au kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto, tofauti hiyo inatosha kumtoa dereva barabarani. Wengi husema mzigo umezidi wakaishia hapo, wengine hukimbilia kununua shokapu mpya. Lakini kilo peke yake mara nyingi hazielezi tatizo. Kuna mahali kilo hizo zilipokaa, na kuna namna zinavyohama kutoka tairi moja kwenda jingine gari linapokata kona. Gari lililobeba kilo 300 chini, katikati ya ekseli mbili, linaweza kuwa tulivu kuliko lenye kilo 100 juu ya paa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua nati yoyote, jibu maswali mawili: ni mbele au nyuma inayoachia kwanza? Na inaachia wapi: wakati wa kuingia kona, katikati, au wakati wa kutoka? Fundi asiyeuliza hayo anabahatisha kwa pesa yako.

Matairi yanafanya nini kwenye kona

Nguvu ya kulipindisha gari hutoka kwenye matairi tu. Nguvu inayotakiwa ni uzito mara mwendo kwa kipeo cha pili, gawanya kwa nusukipenyo cha kona. Ukiongeza uzito kwa robo, nguvu inayotakiwa inapanda kwa robo. Ukiongeza mwendo kutoka km 50 kwa saa hadi 60, inapanda kwa asilimia 44. Ndiyo maana mwendo unaoonekana umezidi kidogo tu kwenye dashibodi huwa umezidi sana chini kwenye lami.

Tairi likikandamizwa zaidi nalo hushika zaidi, na kama lingeongeza mshiko kwa uwiano ule ule, gari zito na jepesi yangepita kona kwa mwendo sawa. Haliongezi hivyo. Kadiri mzigo unavyopanda, kila kilo ya nyongeza huleta mshiko mdogo kuliko iliyotangulia. Chukua mfano wa hesabu: tairi lililobeba kilo 300 linashika kwa nguvu ya kilo 270, yaani 0.90. Likibeba kilo 450, uwiano unashuka hadi 0.84 na linashika kwa kilo 378. Likibaki na kilo 150 tu, uwiano ni 0.94, linashika kwa kilo 141. Sasa angalia ekseli moja yenye kilo 600. Matairi yakigawana nusu kwa nusu, mshiko ni kilo 540. Kona ikihamisha kilo 150 kutoka tairi la ndani kwenda la nje, mshiko ni kilo 519. Uzito wa ekseli haujabadilika hata kilo moja, lakini mshiko umepungua. Namba za tairi lako zitatofautiana na hizi, mwelekeo ni huo huo kwa tairi lolote la mpira.

Kwa ukali ule ule wa kona, kiasi kinachohama kinategemea mambo matatu: uzito wote, kimo cha kitovu cha uzito (nukta ambayo uzito wote wa gari unasawazika), na upana kati ya tairi la kushoto na la kulia. Gari la kilo 1,100 lenye kitovu cha uzito sm 55 kutoka chini na upana wa m 1.45, likikata kona kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, huhamisha takriban kilo 209 kwenda upande wa nje. Weka kilo 100 kwenye keria, kimo cha m 1.65. Uzito umepanda kwa asilimia 9, kitovu kimepanda hadi sm 64, na uzito unaohama umefika kilo 265. Hilo ni ongezeko la asilimia 27. Hizo kilo 100 zingekaa sakafuni, ongezeko lingekuwa dogo sana.

Kuhusu mwendo wenyewe: kona yenye nusukipenyo cha mita 50, kwenye lami kavu na matairi mazuri (msuguano wa 0.8), ukomo ni km 71 kwa saa. Lami ikiloa, msuguano ukashuka hadi 0.5, ukomo ni km 56. Huo ni mwendo ambao gari linaanza kuteleza, wala usiuchukue kama mwendo wa kuendeshea. Mwenye abiria na mzigo kwenye kona hiyo akae kwenye 40, na mvua ikinyesha ashuke zaidi.

Vipimo vya kwanza, kabla ya kwenda gereji

Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, gari likiwa limesimama angalau saa tatu. Kiwango sahihi kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna viwango viwili: cha gari lenye watu wachache na cha gari lililojaa, ambapo matairi ya nyuma hupewa upepo zaidi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, isitumike kama kipimo cha kujazia. Baada ya safari, upepo hupanda kwa PSI 4 hadi 6 kwa sababu ya joto. Usiupunguze, kesho asubuhi tairi litakuwa chini ya kiwango.

Soma uwezo wa tairi. Baada ya vipimo kama 175/65R14 kuna namba ya uwezo wa mzigo: 82 ni kilo 475 kwa tairi, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615. Matairi mazito kama 195R15C yenye 106/104 hubeba kilo 950 likiwa moja moja, na 900 yakifungwa mawili mawili. Toyota Probox za mizigo zilitoka kiwandani na matairi ya LT, yaani ya gari la mizigo, yenye ubavu mgumu. Mwenye gari akinunua mitumba ya gari dogo kwa sababu rimu inakubali, ubavu unalala kwenye kona na gari linachelewa kuitikia usukani. Hakuna shokapu itakayotibu hilo. Tarehe ya tairi nayo ipo ubavuni: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkavu wenye nyufa hushika vibaya hata kashata (meno ya tairi yanayogusa lami) zikiwa ndefu.

Kisha chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu na likiwa limepakiwa. Andika. Tofauti ya zaidi ya sm 1.5 kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja, gari likiwa tupu mahali tambarare, inaonyesha springi iliyochoka au kuvunjika. Ukipata mizani inayopima kila ekseli peke yake, afadhali zaidi.

Kama una uwanja mpana, mkavu na usio na mtu, chora duara la nusukipenyo cha mita 15 kwa mawe. Bandika utepe juu ya usukani. Zunguka kwa km 15 kwa saa, ona utepe uko wapi. Panda taratibu hadi 25, usizidi, maana hapo tayari gari linasukumwa pembeni kwa theluthi moja ya uzito wake. Ikibidi uongeze kukunja usukani ili ubaki kwenye duara, mbele ndiyo inayochoka kwanza. Ikibidi uulegeze, ni nyuma. Kipimo hiki kifanywe na dereva peke yake, mzigo umefungwa, na kisifanywe kabisa kwa gari refu lenye mzigo wa juu.

Dalili: unakunja usukani, gari linaendelea mbele

Kama inatokea wakati wa kuingia kona, chanzo kikubwa ni mwendo, na hasa breki inayokanyagwa wakati usukani umeshakunjwa. Tairi lina mshiko mmoja wa kugawana kati ya kupunguza mwendo na kupinda. Likitumika lote kwenye breki, la kupinda halibaki. Gari lililojaa linahitaji umbali mrefu zaidi wa kupunguza mwendo, kwa hiyo dereva aliyezoea alama yake ya kukanyaga breki gari likiwa tupu huwa hajamaliza anapofika kwenye kona. Maliza breki gari likiwa limenyooka, weka gia, ndipo ukunje.

Kama inatokea wakati wa kutoka, hasa kwenye kona kali za kupanda, angalia gari linavutwa na magurudumu yapi. Probox nyingi, na Noah nyingi za kuanzia 2001, huvutwa na ya mbele. Mlima umeshahamisha uzito kwenda nyuma, na mzigo wa buti umeongeza. Gurudumu la mbele la ndani linabaki jepesi, ukikanyaga mafuta linazunguka bure na mbele inasukumwa nje. Dawa ni kukanyaga mafuta kidogo hadi usukani uanze kunyooka, na kusogeza mzigo mbele, kwenye mgongo wa siti.

Kama inatokea katikati, kwa mwendo wa kawaida, kagua upepo wa mbele, kashata za mbele, bolijointi (viungo vya magurudumu ya mbele) na bushi (raba) za mikono inayoshika magurudumu, kisha alaimenti, yaani pembe za magurudumu. Utaratibu huo una maana: alaimenti iliyofanywa juu ya bushi zilizolegea haidumu hata wiki.

Dalili: usukani mwepesi, kisha nyuma inatoka nje

Hii ndiyo hatari zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Usukani ukiwa mwepesi watu hudhani mbele ndiyo itakayoachia. Kumbe ni onyo kuhusu nyuma.

Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi ya wenzo. Probox ya toleo la kwanza ina m 2.55 kati ya ekseli mbili. Weka kilo 100 mahali palipo sm 80 nyuma ya ekseli ya nyuma: mbele inapunguziwa kilo 31, nyuma inaongezewa kilo 131. Weka kilo 250 hapo hapo, mbele imepoteza kilo 78 na nyuma imepokea 328. Mbele imekuwa nyepesi, kwa hiyo kazi yake ya kupinda imepungua. Nyuma ndiyo iliyobebeshwa kilo nyingi za kuzuia zisiruke nje, kwa matairi yale yale mawili, ambayo tumeona yanapungua uwiano kadiri yanavyokandamizwa.

Sasa dereva anaingia kona ya kushuka kwa kasi kidogo, anaogopa, anaachia mafuta ghafla au anagusa breki. Gari la kilo 1,500, breki ya wastani ya 0.3, kitovu cha uzito sm 60: takriban kilo 106 zinaondoka nyuma kwenda mbele mara moja. Mbele inapata mshiko, inauma, na nyuma iliyokwisha lemewa inaachia. Hapo gari linajigeuza. Marekebisho ya dereva ni kushikilia mafuta kidogo bila kuyaachia, kuelekeza usukani kule unakotaka kwenda, na kutokanyaga breki kwa nguvu. Lakini marekebisho ya kweli hufanyika kabla ya safari:

Kitu kizito kikae sakafuni, kimegusa mgongo wa siti ya nyuma, na chepesi ndicho kiende karibu na mlango wa buti. Matairi mawili mazuri zaidi yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Upepo wa nyuma ufuate kiwango cha mzigo kwenye stika.

Kuna sura ya pili ya dalili hii: nyuma inatulia kwenye kona laini, ila ikikuta bonde au kiraka katikati ya kona inaruka pembeni. Lala chini uangalie raba za kuzuia springi, gari likiwa limepakiwa. Kama ekseli imeshakaa juu ya raba hizo au imebakiza chini ya sm 2, springi haifanyi kazi tena. Nyuma imekuwa ngumu ghafla, sehemu kubwa ya uzito unaohama inapita kwenye ekseli hiyo, na tairi la ndani linanyanyuka. Punguza mzigo kwanza. Kama mzigo uko ndani ya uwezo wa gari na bado inagusa, springi zimelala, badilisha zote mbili. Kuongeza vipande vya springi kupita kiasi kunaleta ubaya mwingine: gari likiwa tupu, nyuma inadunda na kupoteza mshiko.

Hiyo ni sababu ya pikapu na Hiace tupu kuteleza nyuma wakati wa mvua, jambo linalowashangaza waliozoea kulaumu mzigo. Springi zilizokusudiwa tani moja haziinami kwa bodi tupu, matairi yana upepo wa mzigo kwa hiyo yanagusa lami kwa eneo dogo, na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma ambayo hayana uzito juu yake. Rudisha upepo kwenye kiwango cha gari tupu, na kwenye kona za mvua tumia gia ya juu zaidi kwa hatua moja ili nguvu isifike kwa mkupuo.

Dalili: gari linalala sana, linachelewa kurudi

Kulala peke yake kunategemea springi, stabilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale) na kimo cha mzigo. Kuchelewa kurudi, au kurudi na kupitiliza upande wa pili, ni kazi ya shokapu. Kandamiza kona moja ya bodi kwa nguvu uachie: irudi juu itulie. Ikiyumba mara mbili au tatu, au ukiona mafuta yamevuja kwenye bomba la shokapu, imekwisha. Linki za stabilaiza zilizolegea hugonga kwenye matuta na huacha bodi ilale kabla stabilaiza haijaanza kuvuta.

Spesa za kunyanyua gari zinahitaji kutajwa waziwazi. Zinasaidia kwenye mashimo, lakini zinapandisha kitovu cha uzito na kubadilisha pembe za mikono ya mbele. Aliyeweka spesa asiongeze keria yenye mzigo juu yake.

Kwa magari marefu swali linakuwa kubwa kuliko kuteleza. Ukomo wa kupinduka hukadiriwa kwa kugawanya upana kati ya matairi kwa kimo cha kitovu mara mbili. Gari dogo la mfano wetu lina 1.45 kwa 1.10, yaani 1.32. Tairi la kawaida haliwezi kushika kiasi hicho, kwa hiyo litateleza kabla ya kupinduka. Basi dogo lenye paa refu, abiria waliosimama na mizigo juu, kitovu kikifika sm 90, lina 0.81. Kwenye lami kavu tairi linaweza kushika 0.8. Na hesabu hiyo haijatoa kulala kwa bodi na kubonyea kwa matairi, vitu vinavyoshusha ukomo zaidi. Gari kama hilo linaweza kupinduka bila tairi kutoa hata mlio wa kuteleza, dereva akiwa hajapata onyo lolote. Hapa hakuna kipuri cha kununua: mzigo ushuke kwenye paa, abiria wakae.

Dalili: baada ya kunyoosha usukani, gari linasukumwa mara ya pili

Kuna kitu kinatembea. Tangi la lita 1,000 lililojaa maji ni kilo 1,000 zilizotulia kiasi. Likiwa nusu ni kilo 500 zinazokimbilia upande wa nje, zinagonga ukuta, kisha zinarudi wakati wewe umeshaanza kona ya upande mwingine. Jaza tangi hadi juu kama uwezo wa gari unaruhusu, au tumia madumu madogo yaliyojaa na kufungwa. Ng'ombe wasimame wamebanana kiasi cha kutoweza kuhamia upande mmoja. Magunia ya mkaa yaliyorundikwa juu ya bodi yafungwe kwa kamba zinazovuka kulia na kushoto. Kamba za urefu peke yake hazizuii kuhama pembeni.

Dalili: kona za kulia sawa, za kushoto mbaya

Kwenye kona ya kushoto, matairi ya kulia ndiyo ya nje. Kwetu dereva anakaa kulia, na mizigo mizito mara nyingi hupakiwa upande wa mlango ulio rahisi kufungua. Rudi kwenye vipimo vya futi kamba. Upande mmoja ukiwa chini hata gari likiwa tupu, ni springi. Ukiwa chini likipakiwa tu, ni upakiaji. Vimo vikilingana, pima upepo wa kila tairi, kisha angalia kashata: tairi lililolika ukingo mmoja linakuelekeza kwenye alaimenti au bushi ya upande huo.

Dalili: juu ya mlima gari lilikuwa zuri, chini linagoma

Breki zimepata joto, na dereva anaingia kila kona kwa mwendo mkubwa kuliko anavyodhani. Kanyagio likiwa gumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto. Kanyagio likizama hadi chini, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, ila yakishafyonza unyevu kiwango cha chini ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha kila miaka miwili. Gari zito lililoteremka mita mia nne limelazimika kugeuza nishati yote ya kushuka kwa uzito huo kuwa joto, kwa injini au kwa breki. Weka gia ndogo juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na ukanyage breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu badala ya kuzilalia. Zikishachemka, simama mahali salama kwa gia na vizuizi vya magurudumu, usivute breki ya mkono kwenye ngoma zenye moto, na usizimwagie maji.